Majina 168 kwenye Mashine ya Pasta

LIKASI, Machi 1995

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Marceline Kalenga anaegemeza karatasi nyembamba ya nta kwenye kioo cha dirisha. Anategemea jua, kwa sababu umeme wa bwawa la Koni haujafika mtaani kwake tangu Jumanne. Kwa wembe anakata ukingo wa juu wa karatasi, taratibu, amezuia pumzi.

Ukingo huo una matundu ya kuishikiza karatasi kwenye mashine ya kunakili. Anachukua ukingo mwingine wenye matundu tofauti, anaupaka gundi ya viatu, anaubandika mahali pa ule wa kwanza. Juu yake anaweka Biblia ili ukauke ukiwa umenyooka.

"Ya tisa," anasema. "Inabaki kumi na ine."

Marceline, mwenye miaka 41, huchapa barua za watu kwenye meza nje ya posta. Wiki njema humpa unga wa siku nne. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue walichokuta. Wengine walibeba viti. Yeye alichukua taipureta na stensili ishirini na nne, zile karatasi za nta ambazo taipureta huzitoboa herufi ili wino upite.

Mumewe, Tshimanga, ana asili ya mkoa wa Kasai. Familia za Kasai zilipofukuzwa majumbani na majirani zao wenyeji wa hapa, Marceline alilala naye na watoto kwenye kituo cha treni miezi minne, wakingoja behewa. Surua ikapita. Binti yao Hadassa, wa miaka mitatu, akazikwa. Treni ilipokuja mwaka 1993, Tshimanga alipanda na wavulana wao wawili. Marceline, mzaliwa wa hapa, alibaki kumuuguza mama yake. Hajapata barua tangu hapo.

"Kila siku nilienda kule banazika batoto," anasema. "Nauliza mama: jina ya mutoto? Safu ya ngapi? Naandika. Treni inapiga honi, bamama banapanda, misalaba inabaki. Leo misalaba haiko. Bantu balifanya kuni."

Daftari aliloandikia majina hayo ndilo kitabu anachotaka kukichapa: watoto 168, jina la kila mmoja, wazazi, tarehe na safu ya kaburi. Hakuna mahali pengine yalipoandikwa.

Alichapa stensili zote kabla ya kumuuliza yeyote atazitoa nakala wapi. Ofisini alijua mashine moja tu, akadhani zote zina matundu sawa. Mpiga chapa wa Lubumbashi alitaka dola. Mjini zilibaki mashine mbili zinazozungushwa kwa mkono, na stensili zake zinaingia kwenye moja tu, ya parokia.

Padri alisoma kurasa zote, akamrudishia kwa heshima.

"Alisema, 'Mama, tuweke hesabu tu. Majina itaamusha maneno na majirani.' Haiko muntu mubaya. Anaogopa. Miye pia naogopa. Lakini mama mwenye iko Mwene-Ditu, kule Kasai, atatafuta mutoto wake mu hesabu?"

Mashine ya pili ni ya Pasta Augustin, wa kanisa la Kipentekoste. Yeye alikubali majina yote. Matundu ndiyo yaliyokataa.

Asubuhi hii pasta anabisha hodi, mkononi ana bahasha ya kingo alizokata kwenye stensili kuukuu za nyimbo.

"Mama Hadassa, juu yako kanisa haina nyimbo ya Pasaka."

"Baimbe ile banajua, Pasta."

"Banajua mbili."

"Basi baimbe ile mbili, mara mbili."

Pasta anacheka, kisha anagusa kiungio cha gundi kwa kidole. Mashine yake huvuta kwa nguvu, na gundi ikiachia, ukurasa huchanika.

Jumamosi iliyopita walijaribu ukurasa mmoja kwa gundi ya unga wa muhogo. Zilitoka nakala nne, nta ikapasuka katikati. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, wenye jina moja tu, la Hadassa. Marceline aliuchagua mwenyewe.

"Muntu hajaribu na mutoto wa mwenzake," anasema.

Jumatatu wataanza kuzungusha, nakala mia moja. Damas, fundi wa breki wa treni, amekubali kuzipeleka Kasai na kuziacha makanisani, ambako akina mama wa kituoni wanaweza kuzikuta.

Stensili nyingine haipatikani Likasi. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho Marceline atauandika kwa kalamu, nakala kwa nakala: Hadassa, binti wa Tshimanga na Marceline, safu ya kumi na mbili, karibu na ukuta.

"Ile ingine ni ya mashini, inaweza kuwa ya muntu yeyote," anasema, akivuta karatasi ya kumi dirishani. "Lakini Tshimanga anajua mukono yangu."