Ada Mbili za Bogumil Wrona

Bogumil Wrona aliendesha tramu mjini Bydgoszcz miaka thelathini na minne bila kumgonga hata paka, lakini ni mwoga. Si mwoga wa barabara. Anaogopa karatasi: barua ya benki, bili ya gesi, chochote chenye muhuri na maandishi madogo chini. Nawaambia mapema, msije mkamcheka mahali pasipostahili kicheko.

Penzi lake ni sarafu za kale zilizotengenezwa katika mji huohuo wake. Ndogondogo anazo kopo zima. Kubwa alikuwa nayo moja tu, sarafu ya fedha ya Mfalme Zygmunt, aliyoinunua mnadani mwaka aliostaafu. Siku hiyo dalali alipogonga nyundo Bogumil alifurahi, mpaka alipofika kaunta akaambiwa juu ya bei ya nyundo kuna ada ya asilimia ishirini anayolipa mnunuzi. Mkewe, Leokadia, alimnunia wiki mbili. Baadaye akaizoea, akawa anaipangusa vumbi kila Jumamosi.

Sasa Leokadia ameota mtoto wa jicho, macho yote mawili. Chai anamimina kidole kikiwa ndani ya glasi ili ajue imejaa. Hospitali ya serikali ilimpa foleni ya mwaka na nusu, na daktari akasema wakingoja hivyo upasuaji utakuwa mgumu zaidi. Kliniki ya binafsi ilisema njooni Jumanne, zloti elfu saba. Bogumil hakulala siku tatu, kisha akaifunga sarafu kwa leso akaipeleka Warszawa, kwa wale wenye mnada.

"Utaiwekea bei ya chini?" karani alimuuliza. Alikuwa binti mpole, jina lake Ludmila. "Isipofika hapo, haiuzwi, inarudi kwako."

"Vizuri. Na nikirudishiwa?"

"Kuna ada ya kurudishiwa, babu."

Neno ada tu lilimtosha. "Basi usiandike bei ya chini," alisema upesi. "Ile asilimia kumi na tano yenu ya muuzaji inatosha kunitoa roho."

Ndivyo walivyo waoga, jamani. Mtu anaikimbia ada ndogo iliyo mbele yake, anatumbukia kwenye shimo asiloliona. Alipiga hesabu ndani ya treni: ili abaki na elfu saba mkononi, nyundo lazima igonge kwenye elfu nane na mia tatu. Akaiandika hesabu nyuma ya tiketi, akawa anaisoma njia nzima mpaka ikalowa jasho.

Jumamosi ya mnada alikaa safu ya nyuma kabisa. Kibao cha namba, kile wanachoinua wanunuzi, alikichukua kwa mazoea, maana hajawahi kuingia ukumbi ule bila kibao. Mbele, safu ya tatu, alikiona kisogo cha Eligiusz, daktari wa meno, mwenzake wa klabu ya wakusanya sarafu, klabu ya Alhamisi, kule Bydgoszcz. Hakumsalimu. Majina ya wauzaji ni siri ya nyumba ya mnada, na Bogumil hakutaka mtu ajue kwamba njaa imemfikisha kuuza Zygmunt wake.

Dalali alianza na elfu nne. Vibao vitatu vikapanda, vikabaki viwili, kikabaki kimoja, cha Eligiusz, kwenye elfu tano na mia tano.

"Elfu tano na mia tano," dalali alisema. "Kuna anayeongeza?"

Hakuna kibao kingine kilichopanda. Ndipo Bogumil alipolielewa jambo ambalo yeye mwenyewe amelifanya maisha yake yote akiwa upande wa pili: hakuna mnunuzi humu anayesahau asilimia ishirini. Kila mmoja anaiondoa kwanza kichwani mwake, ndipo anainua mkono. Kwa hiyo ile ada wanayosema ni ya mnunuzi, inatoka kwa muuzaji vilevile, kabla hajaguswa na ile yake. Alikuwa anachunwa mara mbili, amekaa palepale, kofia mapajani.

"Elfu tano na mia tano, mara ya kwanza."

Akilini aliyaona macho ya Leokadia, yale meupe. Mfa maji haachi kutapatapa. Mkono wa Bogumil ukapanda, na kibao juu yake.

Ni marufuku. Mwenye mali haruhusiwi kujipandishia bei, na klabu ya Alhamisi humfukuza anayenaswa. Alijua. Alitaka kuushusha mkono, lakini dalali alikwisha kumwona. "Elfu sita, nyuma kule."

Eligiusz akajibu bila kugeuka. Sita na nusu. Bogumil akaenda saba. Eligiusz saba na nusu. Zimebaki hatua mbili tu, Bogumil alijiambia, mimi naenda nane, yeye anakwenda nane na nusu, hapo naacha, nakwenda kununua tiketi ya kurudi. Akainua.

"Elfu nane, nyuma."

Safari hii Eligiusz aligeuka amtazame mshindani wake. Akamwona Bogumil. Uso ukamchangamka, akamkonyeza, akakiweka kibao chake chini ya kiti.

Wale watu wa klabu wana desturi yao. Hawang'ang'aniani sarafu. Ukimwona mwenzako anakitaka kitu kwa roho yake yote, unamwachia, na siku yako ikifika naye atakuachia. Ni desturi nzuri, mimi mwenyewe naisifu. Siku ile Bogumil alitamani kumkaba koo aliyeitunga. Alitikisa kichwa, akamwonyesha Eligiusz kwa mkono kwamba endelea, endelea. Eligiusz akadhani anashukuriwa, akainamisha kichwa kwa adabu.

Nyundo ikagonga.

Bogumil akiinuka kusema ukweli, ni aibu mbele ya watu mia. Asiposema, macho ya mkewe yamekwenda. Alijipa moyo: nitamngoja wakati wa mapumziko, nitamwambia ukweli yeye peke yake, atainunua mkononi mwangu.

Wakati wa mapumziko Eligiusz ndiye aliyemfuata, amebeba kahawa mbili.

"Mzee mzima, unanipandishia bei kwa siri siri kule nyuma kama mwizi wa kuku! Ungeniambia tu, nisingeinua mkono hata mara moja."

"Eligiusz, ungefika ngapi?"

"Mimi? Hata tisa na nusu. Nilikuja na moyo mkunjufu leo."

"Basi ichukue," Bogumil alisema. "Nakuomba. Ichukue wewe."

"Achana na adabu hizo, bwana. Halafu nilipokuachia wewe, fedha ikawa inaniwasha, nikachukua ile sarafu ya dhahabu, dukati, namba mia mbili na kumi. Hukuona? Sina hata ya teksi. Niulize tena mwakani." Akampiga bega, akaenda kuwaonyesha wengine dukati yake.

Kaunta, Ludmila alifungua daftari, akatazama namba ya mnunuzi, akatazama namba ya muuzaji.

"Babu," alisema kwa sauti ya chini, "umeinunua sarafu yako mwenyewe?"

Bogumil aliushika ukingo wa meza.

"Sitapiga kelele, usitetemeke. Lakini kanuni hainiruhusu kufuta. Ada ya mnunuzi elfu moja na mia sita, ya muuzaji elfu moja na mia mbili. Sarafu unarudi nayo."

"Na nikiileta tena?"

"Mnada ujao ni baada ya Pasaka. Ada ni hizihizi."

Akalipa kwa kadi ya benki. Ilikuwa fedha ya kupashia nyumba joto mpaka Machi.

Leokadia alimsikia mlangoni kabla hajavua viatu. Alikuwa ameandaa supu, glasi mbili mezani.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Kwa ngapi?"

"Elfu nane."

Alikaa kitini taratibu, mikono usoni. "Ashukuriwe Mungu. Na kaichukua nani?"

"Mtu mmoja tu."

"Mtu mmoja ana jina. Kesho kwenye misa nataka nimtaje. Mtu kanipa macho yangu, nimwombee bila jina?"

Ukumbini Bogumil aliogopa, kaunta aliogopa, lakini hofu ile ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii. Mke wake alikuwa anamtazama, ila kidogo pembeni, pale alipodhani uso wake upo.

"Mtaje Bogumil," alisema.

"Loo, wajina wako?"

"Si wajina, Leokadia. Ni mimi."

Akamweleza yote, na ada zote mbili, na Eligiusz na wema wake. Supu ilipoa.

"Kliniki wanatungoja Jumanne," Leokadia alisema mwishowe.

"Najua."

"Basi keshokutwa utawapigia wewe uwaambie kwamba hatuji. Mimi namba za simu sizioni tena."