Kamati ya ukumbi imefungia vinyago vyangu 31 stoo, na wanataka nisaini ndio niviondoe

Wakuu, kalamu niliiweka chini pale mzee alipomtaja mtoto wangu.

Mpaka hapo nilikuwa nimevumilia. Wiki tatu nzima.

Nilikuwa nimekaa kwa benchi mbele ya watu watano wa kamati ya ukumbi wa estate yetu hapa Machakos, Mwende wangu wa miaka minne amelala kwa mapaja yangu. Kitabu cha minutes kilikuwa kimesukumwa mbele yangu na sentensi imeandikwa tayari, inangoja sahihi tu:

"Mimi, Mama Mwende, nimeondoa vitu nilivyoweka ukumbini, na sitaweka vingine tena."

Nikauliza kama naweza kubadilisha maneno. Mwenyekiti, Mzee Kyalo, akasema hapana. Akaegemea nyuma, akatoa ile sauti ya mtu anayekuonea huruma.

"Mama Mwende, saini tu tumalize. Hata huyo mtoto ameonekana akiongea na hizo sanamu. Ikiendelea hivi itabidi watu wa ofisi ya watoto waje wamwangalie."

Nikafunga kalamu. Nikaiweka katikati ya kitabu.

"Sisaini, mzee."

Nikambeba mtoto nikatoka.

Sasa nirudi mwanzo. Nitasema ukweli wote, pamoja na mahali nilikosea mimi, kwa sababu niko na hasira lakini sina cha kuficha.

Mimi napaka rangi vinyago vidogo. Vya urefu wa kidole changu cha mwisho. Watu, fisi, ngamia, mlinzi na mkuki wake, mama na mtungi. Nilianza Mwende akiwa mchanga, nimekwama kwa nyumba, na mkono mmoja tu ndio uko huru. Vya kwanza vilikuwa wale askari wa plastiki wa sokoni, nikawapaka rangi ya kucha. Walikuwa wabaya sana. Nikaendelea.

Siku hizi binamu yangu anayechonga kule Wamunyu ananisaidia. Twiga na vifaru wake wanaenda kwa watalii, vipande vya mbao vinavyobaki ananichongea watu. Mimi nakigandisha kinyago juu ya kizibo cha soda ndio nisikishike na vidole, napaka nyeupe kwanza, halafu kahawia iliyotiwa maji mengi ili iingie kwenye mikunjo ya nguo. Macho natia na ncha ya sindano.

Macho ndiyo huchosha. Ukikosea jicho moja, mlinzi wako anaonekana ametoka kunywa.

Vinyago hivyo ni vya mchezo. Kila Jumamosi mchana tunakaa ukumbini watu watano. Mimi nasimulia hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, wanaamua atafanya nini, na dadu ndiyo inasema kama ameweza au ameshindwa. Hadithi yetu ni ya msafara unaotafuta chemchemi wakati wa ukame. Nimeitunga mimi mwenyewe kutoka mwanzo. Hassan, ambaye familia yao ina duka la vitambaa mjini, nilimwambia awe mfanyabiashara wa ngamia. Akakataa. Akasema, "Dada, biashara nimeiacha dukani, wacha mimi niwe mganga wa mitishamba, mwanamke, mkali." Na kweli ni mkali.

(Wale mnataka kuniambia hii hobby si ya mama wa mtoto, uzi wa kujadili mpira uko hapo chini kwa hii forum. Nendeni.)

Hivyo vinyago thelathini na moja ni miaka minne yangu. Kila kimoja nimekipaka Mwende akiwa amelala mchana. Nikikiangalia najua alikuwa anaota meno ama alikuwa na homa. Ndiyo maana siwezi kuambiwa "si utengeneze vingine."

Sasa kosa langu.

Chini ya vinyago vya wachezaji nimeandika majina yao halisi, kwa sababu Hassan alikuwa anasogeza vya kila mtu. Tena mezani kwetu mhusika akiumwa na nyoka, anafungwa uzi mwekundu kiunoni mpaka raundi za sumu ziishe, ndio tusisahau. Jumamosi ile aliyeumwa alikuwa mhusika wa Mutheu, dada anayefanya kazi kwa duka la dawa za mifugo. Alimfunga uzi yeye mwenyewe akicheka.

Mvua ikaanza. Rangi ya fisi wawili ilikuwa mbichi na mgongoni niko na mtoto. Nikaacha sanduku kwa shelf ya ukumbi, nikamwandikia Mzee Kyalo SMS: "Mzee, nimeacha sanduku langu la mchezo kwa shelf, nitachukua Jumatatu." Akajibu: "Sawa mama."

Hiyo SMS niko nayo. Ikumbukeni.

Usiku wa kuamkia Jumapili Mutheu akashikwa na typhoid, akalazwa. Na Mutheu ni mtoto wa dada yake Mzee Kyalo.

Jumapili mzee akaja kufagia ukumbi kabla ya mkutano wa akina mama. Akaona sanduku, akafungua. Akakuta watu wadogo wa mbao wenye macho, na mmoja amefungwa uzi mwekundu kiunoni, na chini yake jina la mtoto wa dadake ambaye wakati huo yuko kwa drip.

Wakuu, niseme haki. Ningekuwa yeye, ningeshtuka pia. Nyinyi wa kaunti zingine mnajua mnavyotutania sisi Wakamba na hayo mambo ya kamuti, uchawi wa kwetu. Tunacheka pamoja nanyi, lakini mtu akikuta kitu kimefungwa uzi na kina jina, hacheki.

Kushtuka simlaumu. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Jumatatu nilifika, shelf haina kitu. Nikapiga simu.

"Hilo sanduku liko stoo," akasema. "Nimeliweka mwenyewe na mikono yangu na nimefunga kufuli. Halitoki mpaka wewe uje ulitoe mbele ya watu."

"Mzee, ni vya mchezo. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuona."

"Nilikuwa naona meza. Sikuwa naona chini yake."

Kuna kitu kila mtu wa huku anakijua hata kama anaenda kanisani mara tatu kwa wiki. Kitu kama hicho hakiguswi na mwingine. Aliyekiweka ndiye hukiondoa. Basi kamati nzima hakuna aliyetaka kuingia kwa hiyo stoo.

Shida ni kwamba viti vyote vya plastiki vya estate viko ndani. Na sufuria zile kubwa. Na turubai.

Akina mama walifanya mkutano wao wakikalia ndoo. Kamati ya harusi ya jirani ikaenda kuomba viti kwa kanisa. Wiki ya pili nikaanza kusimamishwa njiani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ni kweli nimemroga mtu. Walikuwa wananiambia, "Mama Mwende, si uende tu uvitoe, tupate viti?"

Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Nikienda kulitoa sanduku mbele ya watu, kwa hiyo desturi yao nimekubali kwamba mimi ndiye niliyeweka, na nimeweka nini kila mtu atajijazia. Nitaishi estate hii na hilo jina, na Mwende ataanza shule nalo. Nisipolitoa, miaka yangu minne inaliwa na panya.

Hassan akasema, "Mimi si Mkamba, hiyo kitu haiwezi kunishika. Nipe ruhusa nivunje kufuli niingie nibebe." Nikamwambia atulie. Akiingia yeye watasema nimetuma mtu, na yeye familia yao inauzia watu hapa.

Mutheu alipotoka hospitali alienda kwa mjombake moja kwa moja, hata nguvu hana. Nilikuwa naye. Tulimkuta nje ya ukumbi na wajumbe wenzake wa kamati.

"Mjomba, huo uzi nilifunga mimi. Niliumwa na nyoka."

"Uliumwa na nyoka wapi?"

"Kwa game."

"Na hospitali ulilazwa kwa game?"

"Hospitali ni typhoid, mjomba. Daktari aliandika."

Mzee akamwangalia kwa huruma, akaniangalia mimi bila huruma. "Mnaona? Hata maneno ya kusema amepewa."

Nilidhani kamati ikikaa kutakuwa na mtu mwenye akili. Ndio nikaitwa Jumamosi asubuhi, nikasukumiwa hicho kitabu, na mengine mmeyasoma hapo juu.

Mwende kuongea na vinyago, jamani. Ana miaka minne. Anaongea na sufuria. Anaongea na mchwa.

Kutoka ukumbini sikuenda nyumbani. Nilienda cyber mjini, nikaketi, nikaandika barua mwenyewe. Mimi nimeishia Form Four, lakini barua rasmi tulifunzwa na mwalimu aliyekuwa anachapa viboko. Kijana wa cyber akasoma juu ya bega langu.

"Madam, neno uchawi tuliweke kwa herufi kubwa?"

"Usiliweke kabisa. Kwa kitabu chao hawajathubutu kuliandika. Sitawasaidia."

Nikaprint nakala tatu. Moja nikapeleka kwa naibu wa chifu, ikapokelewa vizuri. Nyingine nikampelekea katibu wa kamati, mama anayeuza nafaka sokoni. Kwa mkutano hakuwa amefungua mdomo. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena, akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nilipokuwa nimefika kwa duka la tatu nikamsikia akicheka peke yake.

Nilichojifunza: usisaini sentensi ambayo hukuiandika, hata kama kila mtu anataka viti. SMS usifute. Na kama wewe pia unacheza hii michezo mahali watu hawaijui, bandika karatasi ndani ya kifuniko ueleze ni nini. Mimi sikuweka, na hapo nakubali nilijiamini kupita kiasi.

Walioshawahi kuvutana na kamati za ukumbi, semeni mlifanya nini. Na kama kuna mtu hapa anapaka macho ya fisi yakatoka sawa yote mawili, naomba mbinu. Matusi pia nitajibu, leo niko tayari.

Barua ndiyo hii, neno kwa neno.

*

Kwa Katibu,
Kamati ya Ukumbi.

Nakala: Naibu wa Chifu.

KUH: MALALAMISHI JUU YA MALI YANGU KUFUNGIWA NA MTOTO WANGU KUTISHIWA

Mimi ni mkazi wa estate hii na mtumiaji wa ukumbi kila Jumamosi mchana kwa idhini ya kamati.

Niliacha sanduku langu kwenye shelf ya ukumbi na nikamjulisha Mwenyekiti kwa ujumbe wa simu. Alijibu "Sawa mama." Ujumbe huo nimeuambatanisha. Ndani ya sanduku mna vinyago thelathini na moja vya mbao, dadu saba, na daftari la hadithi. Yeyote anayetaka kujua ni vya nini aje Jumamosi, ataonyeshwa na atapewa mhusika acheze.

Mwenyekiti alilifungua bila kuniuliza, akalihamisha, akalifungia. Jina lililoandikwa chini ya kinyago kimoja ni la mchezaji mwenye kinyago hicho. Mchezaji huyo ni mtu mzima, yuko hai, amepona, na ameieleza kamati kwa mdomo wake mwenyewe. Hakusikilizwa.

Nilipewa sentensi niisaini. Sentensi hiyo haisemi ni vitu gani nilivyoweka. Naomba kamati iandike kwenye kitabu hicho hicho, kwa jina la kitu, kile inachonishuku nacho, na kila mjumbe atie sahihi yake chini. Ikiwa hakuna mjumbe aliye tayari kuandika, basi ukurasa ule ukatwe mstari na iandikwe kwamba hakuna kosa lililopatikana.

Mwenyekiti alimtaja mtoto wangu kwa nia ya kunitisha. Naomba afute maneno hayo mbele ya wajumbe wale wale waliokuwepo. Hili sitalijadili.

Mwisho ni kuhusu kuondolewa kwa sanduku. Kamati imeniambia mara tatu kwamba aliyeweka ndiye huondoa. Nakubali. Mimi niliweka sanduku kwenye shelf, na kwenye shelf halipo. Aliyeliweka stoo ni Mwenyekiti, kwa mikono yake, na amelisema hilo mwenyewe kwa simu. Kwa hiyo namwomba aingie stoo yeye, mchana, mbele ya watu, alitoe sanduku na kuliweka mezani pale pale tunapochezea. Viti navyo vitatoka siku hiyo hiyo.

Nitakuwepo na mtoto wangu, na nitahesabu kimoja kimoja.

Kile chenye uzi mwekundu kisifunguliwe na mtu yeyote. Mutheu bado ana raundi mbili za sumu.

Mama Mwende