Jodari wa Alkhamisi

Yaliyonipata yalianza baada ya kujifungua mtoto wa pili, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tunakaa Ibra, mji wa bara katika nchi ya Waarabu, mimi nikisomesha skuli ya wasichana, mume wangu akifanya kazi serikalini. Kila Alkhamisi, siku ya mapumziko wakati ule, tulikwenda Sur, mji wa pwani, kwa mama yake.

Mama mkwe alikulia Unguja kama wazee wangu, na mapenzi yake yote aliyatia katika chakula. Jodari alimnunua Jumatano, akampika kwa nyanya na ndimu, akamwacha alale ili akolee.

Siku ya kwanza nilihisi uso unawaka kabla sijanawa mikono baada ya kula. Shingo ikafanya mabaka, moyo ukanienda mbio, nikaanguka pale pale mkekani. Nilipozindukana mama mkwe alikuwa amenishika kichwa, ananisomea.

"Jicho hilo," alisema.

Hospitali walinipima wakasema samaki hawanidhuru. Na kweli, mwezi uliofuata, kwa wifi yangu kule Tiwi, nilikula jodari aliyeshushwa mashuani asubuhi ile ile, nisiwashwe hata kidogo. Habari zikamfikia mama. Nilipokaa tena mbele ya sahani yake nikawa nadonoa wali tu, alinisogezea kipande cha samaki.

"Kwa mwanangu Tiwi unakula. Kwangu unaumwa."

Nikakitia mdomoni. Tangu siku ile nikala kwa haya. Mara nyengine nilisalimika, mara nyengine mume wangu alilazimika kusimamisha gari njiani, mimi nikitapika mchangani huku watoto wakinitazama kwa dirishani. Hivyo ndivyo ilivyopita karibu miaka minne.

Aliyenitoa gizani ni daktari mmoja wa kike katika mji wa Nizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia nianze daftari.

"Usiandike ulichokula tu. Andika na kilipikwa lini."

Niliporudi baada ya miezi miwili alifunua kurasa taratibu, akanionesha kwa kidole. Siku mbaya karibu zote zilikuwa za chakula kilicholala, samaki wa chumvi, achari, au nyanya nyingi. Alinieleza kuwa mwilini mna seli zinazobeba kitu kinachoitwa histamini, ndicho kinacholeta mabaka, na zangu huimwaga upesi. Samaki akilala naye hujaa histamini hiyo hiyo, na mwili wangu hauwezi kuiondoa. Vidonge vitasaidia, alisema, lakini kazi kubwa iko jikoni.

Nikaanza kupika mara mbili kwa siku, hata nikitoka skuli miguu imevimba. Nyama ikifika nyumbani inaingia kwenye friza papo hapo. Viporo walikula wengine.

Kumweleza mama mkwe tulikuogopa. Mume wangu alisema naye siku moja mama alipokuwa akichagua mchele. Mikono yake ikasita juu ya ungo.

"Basi miaka yote hii nikikulisha sumu."

"Si sumu, Mama," nilimwambia. "Wenzangu wote wanakula, hawapati kitu."

"Na wewe ulikuwa ukila. Ukijua utaumwa?"

"Nilijua pengine nitaumwa."

Aliinuka akaingia chumbani, hakutoka mpaka adhuhuri. Alipotoka aliuliza, "Mkifika Bidiya, pana simu?"

Ilikuwepo, kwenye kituo cha petroli cha mji huo, njiani kwenda kwake. Kuanzia wiki ile tulisimama pale kumpigia, na ndipo alipomtuma mtu pwani akalete samaki. Tukiingia mlangoni jodari yuko motoni, chumvi na kitunguu basi. Yeye mwenyewe aliona hana ladha, nami nilijua, lakini alikaa karibu yangu akamla.

Maradhi hayakuniacha. Joto kali au uchovu bado huniamshia mabaka hata nikila wali mtupu. Lakini sikuanguka tena.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, zamu ya kumlisha uji ilikuwa yangu. Siku moja aliusukuma mkono wangu kidogo.

"Unisamehe kwa lile neno la Tiwi."

Nilimwambia hana kosa, anywe uji. Nilidhani nitapata siku nyengine ya kumwomba yeye radhi, kwa kumwacha miaka minne akiamini kuwa nakidharau chakula chake, kwa sababu tu niliona haya kusema kuwa hata mimi sijui kinachoniumiza. Alifariki Jumapili, mimi niko darasani Ibra.