Maombi Mawili Mpungani

Juzi, nikipita kule Katindiuka, nilimwona binti yuko peke yake juu ya dungu, akipiga debe kufukuza ndege mpungani. Nilikumbuka mchana ule mama alipombeba mdogo wangu Gaudensi, anawaka homa, kumpeleka hospitali.

"Linda mpunga, na umwombe Mungu," aliniambia.

Niliomba yote mawili: ndege wale, kweleakwelea, waondoke, Gaudensi apone. Jua lilipokuwa kali ndege waliondoka, shamba likanyamaza, likinuka tope la moto. Siku hizi najua saa hizo ndege hupumzika kivulini.

Jioni jirani alikuja. "Pole, mwanangu. Gaudensi hatunaye."

Nilidhani Mungu alikuwa amechagua ombi moja. Nikasimama juu ya dungu, nikaita mpaka koo likakauka: "Rudini! Kuleni mpunga wote, Mungu aturudishie Gaudensi!"