Jina la Angèle kwenye lokole

Célestin alianza kumfundisha binti yake muziki kabla hajajua kutembea. Kwao Yanonge, kila mtoto ana jina la kupigwa kwenye lokole, ngoma ya gogo inayosema, na la Angèle lilikuwa refu: "Mtoto wa mto mpana, anayecheka mbele ya mvua." Kila jioni, akitoka kupakua mizigo bandarini Stanleyville, Célestin alitoa lokole lake uani. Lilikuwa gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti nene, mwingine wa sauti nyembamba, maana lugha yao nayo hupanda na kushuka hivyo hivyo. Alimketisha mtoto juu ya gogo, akalipiga jina polepole. Angèle alipiga makofi pigo kwa pigo, bila kukosea.

"Huyu atasema na watu wa ng'ambo ya mto," Célestin aliwaambia majirani. "Mimi nitakuwa mwanafunzi wake."

Mtoto alipotimiza miaka miwili, tonton René, ami yake, alikuja kutoka Yanonge na mtumbwi wa samaki wa moshi, ashuhudie jaribio la ukoo. Mtoto huachwa mbele ya nyumba, lokole hupigwa nyuma, naye akisikia jina lake huja mbio.

Célestin akapiga. Angèle alikuwa akipanga chikichi mchangani. Hakuinua kichwa. Baba yake akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwanamuke wa kweli huyu," René alicheka. "Unamuita, anakuacha ungojee."

"Iko anacheza tu," Célestin alijibu kutoka nyuma. "Leo iko na kichwa nguvu."

Germaine, mke wake, hakucheka. Alichukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mtoto, akaigonga. Kuku walitawanyika. Angèle aliendelea kupanga chikichi zake. Kivuli cha mama yake kilipomwangukia ndipo akageuka, akatabasamu.

Célestin alikuwa amekuja, ameona yote.

"Mama Angèle, ulijua tangu lini?"

"Tangu ile surua ya mwaka jana. Niliona furaha yako, papa. Nilishindwa kukuambia."

Tangu surua hiyo mtoto hakuwa amesikia hata pigo moja. Gogo lilitetemeka chini ya mapaja yake, naye akaufuata mtetemo. Baba aliyemketisha juu yake kila jioni alidhani anasikia.

Kwenye dispensari waliwekwa wima barazani mpaka jua likawa kali. Infirmier Zéphirin, muuguzi wa zamu, alitazama masikio kwa taa, akaizima.

"Bon, papa, dawa hakuna. Kuna masomo ya batoto kama huyu, lakini ni kule Poto, Ulaya kwa wazungu."

"Na hapa?"

"Hapa? Donc, wewe mukubwa hujapewa hata kiti cha kungojea, mutoto atapewa masomo?"

Nchi hii ina reli ya kuyazunguka maporomoko, ina meli za kubebea pamba, ina wakaguzi wa kutuhesabu kila asubuhi kazini. Chumba kimoja cha mtoto mweusi asiyesikia haina. Tunaambiwa tuvumilie, ustaarabu unakuja. Unakuja kwa nani? Angèle anakua leo.

Jioni ile Angèle alipanda mwenyewe juu ya lokole, akamnyooshea baba yake vijiti. Célestin alikataa. Mtoto akamgonga navyo gotini mpaka akavichukua. Jina halikutoka mikononi mwake, angempigia nani? Akapiga yaliyokuwa moyoni, na lokole likayatangaza kwa maneno ya msiba, maana mengine hakuwa nayo.

Alphonsine, jirani, alifika wa kwanza, kitambaa cha kichwa mkononi. Wavuvi wakafuata kutoka mtoni, nyavu zimeachwa majini. Uani pakajaa.

"Papa Angèle, tumesikia. Nani amekufa?"

Célestin alimtazama Germaine, Germaine akatazama chini. Juu ya gogo Angèle alikuwa akicheka, anapiga makofi, anamvuta baba yake mkono aendelee.