Kitoni cha Mwalimu Osewe

Wanaosema kwamba Mwalimu Osewe Omolo wa Ayany aliabudu shetani hawakumjua. Alikuwa mzee wa kanisa, alifundisha historia Kawangware mpaka nywele zikageuka mvi, na nyumbani kwake hakuna aliyelala bila kusali. Ukweli wa siku ile mtaani Kabiro, huko huko Kawangware, mwaka wa tisini na tano, ndio huu.

Osewe alitaka wanafunzi wake waigize kesi katika mji wa Wagiriki wa kale, na mavazi aliyataka sawasawa: kitoni, kitambaa kipana kinachozungushwa mwilini, kikabanwa mabegani kwa pini na kufungwa mshipi kiunoni. Mkewe, Mildred, alinunua bafta nyeupe soko la Makina. Akamsihi apige japo mshono mmoja ubavuni, maana nguo nyeupe isiyoshonwa watu wataiona sanda.

"Wagiriki hawakushona, Mama Jael," alijibu Osewe, na katika mambo ya vitabu hakuwa mtu wa kupinda.

Mwaka huo hofu ya waabudu shetani ilikuwa imeenea Nairobi nzima. Watoto walikatazwa hata kupokea peremende. Basi mpita njia mmoja alipochungulia dirishani mwa ukumbi wa mabati waliokodi kwa mazoezi, akaona watoto wamezungushiwa bafta, habari ilifika sokoni kabla yake. Osewe alisikia vishindo vya miguu, halafu jiwe juu ya paa.

"Mwalimu, fungua! Toa Shiru wangu!" Huyo alikuwa Wagaki, mama wa msichana aliyeigiza hakimu.

"Hiyo ni sanda! Anawatoa kafara!" sauti nyingine ilidakia.

"Sitaki mashetani kwa ploti yangu!" alifoka Ndungu, mwenye ukumbi. "Leteni petroli!"

Osewe aliutazama mlango. Akiwazuia watoto, ataonekana amewateka. Akiwatoa na nguo zile, wataumizwa. Akaanza kuchomoa pini. Moja ilimchoma na hakusikia. Akawatoa wote na sare zao za shule, walizokuwa wamevaa ndani. Shiru alipotoka, wa mwisho, mwalimu akabaki peke yake, harufu ya petroli ikiingia mlangoni. Akajizungushia kitoni kimoja juu ya shati, wakione kwa mtu aliye hai, akatoka.

Umati ulirudi nyuma.

"Ebu onyesha miguu!" alisema Wagaki, maana jini hujulikana kwa kwato.

Osewe akavua viatu. Kidole gumba kilikuwa kimechomoza kwenye soksi.

"Ai! Shetani gani huyu wa soksi imetoboka?" aliuliza mtu kwa nyuma. Mmoja akacheka, wakacheka wengi, Ndungu akaweka mtungi wa petroli chini. Soksi ile, ijulikane, ilitoboka siku hiyo hiyo. Mildred hakuwa mke wa kumtoa mume nyumbani na soksi mbovu.

Mchezo haukuigizwa. Osewe hakuifundisha tena Ugiriki, na chochote kikianguka juu ya paa, hata mvua ya mawe, alisimama kuutafuta mlango. Jioni ile aliketi kitandani, viatu bado mkononi, akamwambia mkewe jambo moja kuhusu ule mshono. Mildred hatalisema. Asiulizwe.