Feni za kimya na uunsi wa Hooyo

Leo Hooyo, mama yangu, amenitengenezea kompyuta kwa moshi. Siwatanii.

Mnajua feni zangu za zamani zilivyokuwa zikinguruma. Hooyo alikuwa akisema nafuga jenereta chumbani.

Nikatafuta feni kubwa, zile zinazozunguka polepole bila kelele. Nimezifunga asubuhi, moja mbele, moja nyuma.

Kimya kabisa! Nikajiona fundi.

Halafu kompyuta ikazima. Joto.
Nikaiwasha, ikazima tena. Na ndani kuna video ya harusi ya watu ninayoihariri, haijaisha, na kakake bibi harusi yuko njiani kuja kuichukua!
Nikaiwasha mara ya tatu, nikawa nazunguka chumba kama ngamia aliyenusa maji.

Hooyo akaingia na chetezo chake cha uunsi, ule ubani wetu wa nyumbani na wa maharusi, kufukiza chumba kama kila siku. Akakiweka chini, mbele ya kompyuta.

Moshi ukamrudia usoni.

"Warya! Hiki kitu chako kinafukuza uunsi wangu?"

Nikainama kutazama. Feni ya mbele nilikuwa nimeifunga kinyume. Zote mbili zinatoa hewa, hakuna inayoingiza!

Nikaigeuza. Moshi ukaingia mbele, ukatokea nyuma taratibu. Kompyuta haikuzima tena, nikaimalizia video.

Kakake bibi harusi amefika, akanusanusa. "Wallahi, kumbe ni kompyuta yako ndiyo inaolewa?"

Sasa imepoa na imenyamaza. Ni mimi ndiye sijatulia: kila mara naigusa kama mtoto mwenye homa, nijue kama bado iko hai.

Ni mimi tu, ama hata nyinyi kimya kinawatisha?